Maisha ya Guglielmo Marconi, aliyepima njia ya hewani kabla ya kutuma



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wenye kujulikana, mara hii ninawaletea habari za Guglielmo Marconi, Mwitalia. Jina lake tunalikuta katika masomo ya fizika. Tunaandika katika daftari kwamba ni mtu wa redio, basi, tunageuza ukurasa. Lakini ukifuata maisha yake vizuri utaona kwamba kutengeneza mashini ya kutuma ilikuwa kazi ya miaka michache ya ujana wake. Kazi iliyomshika miaka mingi kuliko hiyo ilikuwa nyingine: kujua njia ya hewani iko namna gani saa hii, itakuwa namna gani nyuma ya masaa matatu, na kupanga saa ya kutuma kufuatana na njia hiyo. Juu ya kazi hiyo nimeandika kurasa hizi, maana hata telefone tunazozishika leo zinaifanya bila sisi kuiona.

Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1874 katika mji wa Bologna. Baba yake, Giuseppe Marconi, alikuwa tajiri mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ayalandi, katika jamaa ile ya watengeneza wiski. Mtoto hakusoma sana katika shule za kawaida. Walimu walikuja kumfundisha nyumbani, na universite hakuingia kama mwanafunzi. Wenzangu wa mwaka wa sita wenye kuogopa egzamen ya serikali, msifurahi haraka! Marconi alisoma usiku na mchana, na profesa mmoja wa Bologna, Augusto Righi, alimruhusu kuangalia kazi zake za mawimbi.

Mawimbi hayo yalikuwa yamekwisha kuonyeshwa na Mjerumani Heinrich Hertz, aliyekufa mwaka 1894 akiwa kijana bado. Hertz aliyatuma ndani ya chumba chake cha majaribio tu. Marconi alikuwa na miaka 20 aliposoma habari zake, na mara moja aliwaza kutuma ujumbe kwa mawimbi hayo bila waya. Katika nyumba ya wazazi wake, Villa Griffone, kijijini Pontecchio, alianza chini ya paa, kisha bustanini, kisha shambani. Mwaka 1895 aliinua waya mmoja juu na mwingine akauzika katika udongo, na ishara zikaenda mpaka kilometa mbili, hata nyuma ya kilima. Inasimuliwa kwamba upande wa pili wa kilima kulikuwa mtu mwenye bunduki, na alipopata ishara alipiga risasi moja hewani ili Guglielmo ajue. Angalieni vizuri: tangu siku ile ya kwanza alihitaji habari ya kurudi. Mwenye kutuma hawezi kujua njia iko namna gani ikiwa mwenye kupokea hamwambii kitu.

Sehemu inayofuata nitaipita mbio, kwa sababu vitabu vyote vinaieleza. Mwaka 1896 alienda Uingereza pamoja na mama yake, akapata hati ya kuilinda kazi yake, na William Preece, mkubwa wa mafundi wa posta, akamsaidia. Mwaka 1897 ishara zilivuka maji ya Bristol Channel, na mwaka ule ule akafungua kampani. Mwaka 1899 zilivuka bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Alikuwa na miaka 24 na alikwisha kuwa mtu wa magazeti.

Basi akataka Atlantiki. Wakubwa wengi wa sayansi walikataa. Dunia ni mviringo, walisema. Mawimbi haya yanaenda moja kwa moja kama mwanga. Yakipita upeo wa macho yatapotea juu, hayatashuka tena. Mawazo hayo hayakuwa ya kijinga. Walikosa tu kujua kwamba juu hewani kuna kitu.

Marconi alijenga kituo kikubwa Poldhu, pembeni kabisa ya Uingereza, na kingine Cape Cod, Marekani. Dhoruba iliangusha milingoti ya Poldhu mwezi wa Septemba 1901, na nyuma ya wiki chache milingoti ya Cape Cod nayo ikaanguka. Mwingine angalirudi nyumbani. Yeye alisimamisha milingoti miwili tu Poldhu, akapanda merikebu pamoja na mafundi wawili, Kemp na Paget, mpaka kisiwa cha Newfoundland, ambako ni karibu zaidi na Ulaya. Pale juu ya Signal Hill, katika baridi na upepo mkali, walirusha tiara yenye kubeba waya, kama vile watoto wanavyorusha tiara za karatasi.

Sasa tuangalie jambo la saa. Kwa telegrafu ya chini ya bahari Marconi aliwaambia watu wa Poldhu watume herufi S, ni kusema nukta tatu, kila siku kuanzia saa 9 ya mchana mpaka saa 12 ya jioni kwa saa ya Greenwich. Kule Newfoundland hiyo ni tangu saa 5 na nusu mpaka saa 8 na nusu. Saa hizo zinapoanza, jua liko juu ya bahari yote, tangu Uingereza mpaka Newfoundland! Kwa mawimbi marefu ya mamia ya meta aliyotumia, hiyo ndiyo saa ambayo hewa ya juu inameza zaidi. Angalipanga saa 6 ya usiku, njia ingalikuwa wazi mara nyingi zaidi. Lakini nani alijua? Hakuna mtu duniani aliyekuwa amepima njia hiyo. Alipanga saa kwa kufuata kazi ya watu, si kwa kufuata hali ya mbingu.

Hata hivi, tarehe 12 Desemba 1901, saa 6 na nusu ya mchana, Marconi aliweka telefone ndogo sikioni akasikia nukta tatu, akampa Kemp, naye akasikia. Kutoka Poldhu mpaka pale ni karibu kilometa 3,500. Magazeti yalipiga kelele. Kampani ya telegrafu ya chini ya bahari ilimtisha kumpeleka mahakamani, kwa sababu yenyewe tu ilikuwa na ruhusa ya kazi hiyo katika kisiwa.

Na hapa ugomvi unaanza ambao haujaisha mpaka leo. Mashahidi walikuwa masikio mawili matatu, na watu wawili wenye hamu kubwa ya kusikia. Katika upepo na kelele za hewani, nukta tatu zinaweza kuwa umeme wa mawingu tu. Wataalamu wengine wanasema alisikia kweli, wengine wanasema saa ile na wimbi lile haiwezekani. Mimi sina mashini ya kuamua. Ninaona tu kwamba yeye mwenyewe alielewa udhaifu wa ushuhuda wake, maana alichofanya nyuma ya miezi miwili kilikuwa kama jibu.

Mwezi wa Februari 1902 alipanda merikebu Philadelphia kutoka Uingereza kwenda New York. Mara hii hakutegemea masikio peke yake. Alikuwa na mashini ya kuandika nukta na mistari juu ya utepe wa karatasi, na kapiteni wa merikebu alitia sahihi. Poldhu ilituma kwa saa zilizopangwa, mchana na usiku, na kila siku merikebu ilizidi kwenda mbali. Ni kusema alikuwa anapima njia hatua kwa hatua, kama mtu anayetembea na kamba ya kupimia shamba.

Matokeo yalikuwa haya. Usiku, ujumbe kamili uliandikwa mpaka maili 1,551, na ile herufi S mpaka maili 2,099, ni kusema zaidi ya kilometa 3,000. Mchana, kitu chote kilikufa penye maili 700. Mashini ilikuwa ile ile, watu wale wale, bahari ile ile. Kilichobadilika ni jua tu.

Kwangu mimi utepe ule wa Philadelphia una thamani kuliko tiara ya Newfoundland, ingawa watu wanakumbuka tiara. Toka siku hiyo ilijulikana kwamba njia ya hewani ina masaa yake. Sababu hasa Marconi hakuijua: aliwaza kwamba mwanga wa jua unapunguza umeme wa waya za Poldhu zenyewe. Hapo alikosea. Lakini kipimo chake kilikuwa cha kweli, na kipimo cha kweli kinaweza kungojea sababu yake.

Sababu ilianza kuonekana mwaka ule ule wa 1902. Kennelly katika Marekani na Heaviside katika Uingereza, kila mmoja peke yake, waliwaza kwamba juu sana hewani kuna tabaka lenye umeme ambalo linarudisha mawimbi chini, kama vile bati linavyorudisha sauti ya mvua ndani ya darasa. Mwingereza Edward Appleton alilihakikisha mwezi wa Desemba 1924, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1947. Leo tunajua kwamba jua ndilo linalotengeneza matabaka hayo. Mchana linafanya tabaka la chini ambalo linameza mawimbi marefu ya namna ya Poldhu kabla hayajafika juu. Jua likitua, tabaka hilo la chini linatoweka, mawimbi yanapita, yanagonga tabaka la juu, yanarudi duniani mbali sana.

Oktoba 1907 Marconi alifungua kazi ya kila siku ya biashara kati ya Clifden, katika Ayalandi, na Glace Bay, katika Kanada. Kwa mawimbi marefu zaidi na nguvu nyingi, mchana nao ulipitika. Lakini watu wake waliona jambo la ajabu, wakalichora juu ya karatasi kama tunavyochora mistari ya hisabati. Mchana ishara zilikaa sawasawa. Jua likitua Clifden, zilianza kulegea, zikawa dhaifu sana nyuma ya masaa kama mawili, kisha zikapanda kwa nguvu karibu na saa ya jua kutua Glace Bay. Asubuhi mambo ya namna hiyo yalirudi tena. Ni wazi: wakati upande mmoja wa bahari ni giza na upande wa pili ni mwanga, njia inavurugika. Mwenye mchoro ule mkononi alijua saa gani asukume barua nyingi na saa gani asipoteze nguvu. Alizieleza habari hizo mwaka 1909, alipopewa tuzo ya Nobel ya fizika pamoja na Mjerumani Ferdinand Braun.

Wazee wetu waliotumia foni katika vituo vya misioni hawatashangaa. Wao pia walikuwa na saa yao ya kuitana asubuhi, na walijua kwamba masafa yanayofika vizuri saa fulani yanaweza kuwa bubu saa nyingine. Hawakusoma maisha ya Marconi, lakini walikuwa katika njia yake.

Niseme sasa habari za Titanic, kwa sababu pale watu walikufa. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 merikebu hiyo ilikuwa karibu na Newfoundland. Watu wa redio walikuwa vijana wawili wa kampani ya Marconi: Jack Phillips, mwenye miaka 25, na Harold Bride, mwenye miaka 22. Mashini yao, mchana, kampani iliahidi maili 250 tu. Usiku iliweza kufika mpaka maili 2,000. Mnajua sasa kwa nini. Tena mashini iliharibika usiku wa mbele, wakaitengeneza wenyewe, na telegramu za wasafiri matajiri zilijaa mezani. Basi jioni ile, njia ilipofunguka na kituo cha Cape Race kikasikika vizuri, Phillips alitaka kumaliza zote. Hapo merikebu jirani, Californian, ikaingia katikati kuwaambia kwamba imesimama kwa sababu ya barafu. Ilikuwa karibu sana, kwa hiyo sauti yake ilipiga masikio ya Phillips kama nyundo. Akaijibu inyamaze, yeye ana kazi na Cape Race. Kijana wa Californian, aliyekuwa peke yake tangu asubuhi, alisikiliza kidogo, akazima mashini, akalala. Nyuma ya dakika chache, saa 5 na dakika 40 ya usiku, Titanic iligonga barafu.

Phillips alitumia njia nzuri kwa saa nzuri. Upande huo hakufanya vibaya. Lakini kupanga kutuma ni pamoja na kujua nani wa kumpa nafasi kwanza, na telegramu ya salamu haiwezi kuwa mbele ya habari ya barafu. Zaidi ya hapo, kampani na serikali hazikupanga mtu wa kusikiliza usiku kucha katika kila merikebu. Kosa hilo ni kubwa kuliko la kijana mwenye usingizi. Zaidi ya watu 700 waliokolewa kwa sababu kijana wa merikebu Carpathia alikuwa bado na telefone masikioni alipojitayarisha kulala. Karibu watu 1,500 walikufa, na Phillips ni mmoja wao. Mwaka 1914 mkutano wa London uliamuru merikebu kubwa za abiria ziwe na mtu wa kusikiliza masaa yote 24. Marconi mwenyewe alikuwa amealikwa kusafiri katika Titanic, lakini alikwenda mbele na merikebu nyingine, na Carpathia ilipofika New York alipanda ndani akaonana na Bride.

Mwaka huo huo motoka yake iligongana na nyingine katika Italia, akapoteza jicho la kulia. Katika Uingereza kulikuwa pia kelele kubwa, kwa sababu mawaziri walisemwa kununua hisa za kampani ya Marekani yenye jina lake huku serikali ikifanya mapatano naye. Halafu vita ya 1914. Haya nayapita.

Ninafika kwenye sehemu ninayoipenda. Mwaka 1919 alinunua merikebu ya starehe, akaiita Elettra, akatia ndani yake chumba cha majaribio. Wengine wananunua merikebu ya kupumzikia. Yeye alinunua mahali pa kupimia njia. Mpaka wakati huo kila mtu alisadiki kwamba ukitaka kwenda mbali lazima wimbi liwe refu sana na mashini iwe kubwa kama kiwanda. Mawimbi mafupi, chini ya meta 200, katika Marekani waliyaachia watu wa kujifurahisha tu. Na watu hao wa kujifurahisha wakaanza kuvuka Atlantiki! Novemba 1923 Mfaransa Léon Deloy, akiwa nyumbani kwake Nice, alizungumza na Mmarekani kwa wimbi la karibu meta 100. Marconi alikuwa amekwisha kukubali mbele ya watu, katika hotuba ya New York mwaka 1922, kwamba wakubwa wote, naye pamoja nao, waliyasahau mawimbi mafupi mapema mno.

Mwaka 1923 fundi wake Charles Franklin alikaa Poldhu na mashini ya meta 97, na Elettra ikateremka kusini mpaka visiwa vya Cape Verde. Ilikuwa safari ya Philadelphia mara ya pili, miaka 21 nyuma. Usiku ishara zilifika Cape Verde na nguvu nyingi, zaidi ya kilometa 4,000, hata walipopunguza nguvu ya Poldhu. Mchana zilipotea njiani. Mwingine angaliandika: mawimbi mafupi ni ya usiku, kazi imekwisha. Marconi aliuliza itakuwaje wimbi likifupishwa zaidi. Mwaka 1924 Elettra ilikwenda upande wa mashariki mwa Mediterania, na pale Beirut wimbi la meta 32 kutoka Poldhu lilisikika mchana kutwa, jua likiwaka.

Kumbe wimbi fupi zaidi linapenya lile tabaka la chini lenye kumeza, linafika tabaka la juu ambalo mchana ni zito, linarudi. Lakini usiku tabaka la juu nalo linapungua nguvu, na wimbi fupi mno linalipita moja kwa moja, linaenda zake kwenye nyota. Kwa hiyo hakuna wimbi moja zuri. Kuna wimbi la mchana na wimbi la usiku, na kati yao kuna saa ya kubadilisha. Vituo vilivyojengwa nyuma ya hapo vilikuwa na mawimbi mawili tayari: cha kwenda Kanada kilitumia karibu meta 16 mchana na karibu meta 32 usiku. Mtu anatazama saa, anatazama jua liko wapi juu ya njia yote, anageuza.

Katika mapatano na serikali ya Uingereza ya mwaka 1924 kuna namba ambazo ningependa kila mwanafunzi wa fizika azitazame. Kampani haikuahidi masaa 24. Iliahidi maneno 100 kwa dakika, kwa kawaida ya masaa 18 kila siku na Kanada, 12 na Uhindi, 11 na Afrika ya Kusini, na 7 tu na Australia. Namba hizo zilitofautiana kwa sababu njia zenyewe zinatofautiana: ya Australia inazunguka nusu ya dunia, mara nyingi sehemu yake moja ni usiku na nyingine mchana. Kuahidi masaa 7 na kuyatimiza ni afadhali kuliko kuahidi 24 na kuomba radhi. Kituo cha Kanada kilifunguliwa Oktoba 1926, cha Australia Aprili 1927, kisha Afrika ya Kusini na Uhindi mwaka ule ule. Vilibeba maneno mengi kwa bei ndogo mpaka kampani za waya za chini ya bahari zikaogopa kufa, wakaunganishwa zote pamoja.

Nitoke kidogo katika maisha yake, maana najua kuna wenye kuuliza mambo hayo yanatuhusu nini leo. Antene ya telefone iliyo juu ya kilima inafanya kazi ya Elettra, lakini mbio sana. Inatuma alama ambazo telefone inazijua mbele. Telefone inapima zimefika namna gani, na katika mtandao wa 4G inarudisha namba moja kati ya 0 na 15. Namba kubwa ni kusema njia ni nzuri, tuma mengi. Namba ndogo, tuma kidogo au ngoja. Na antene inaamua nani apewe nafasi, tena kila sehemu moja ya elfu ya sekunde! Ukitembea, ukiingia nyuma ya ukuta wa mawe, motoka ikipita mbele yako, namba inabadilika. Ikiwa habari ya kurudi imechelewa, antene inapanga kwa njia ya jana, na kitu kinapotea.

Shida ya haki inaingia hapo pia. Ikiwa antene inawapa tu wale wenye njia nzuri, itasukuma habari nyingi sana kwa siku, lakini aliye bondeni atalala njaa. Ikiwa inagawa sawasawa bila kuangalia njia, wakati mwingi unapotea bure. Sisi tunaosimamia chumba cha kulia tunajua mambo ya namna hiyo, na makelele yake. Mafundi wanafanya hivi: wanalinganisha njia ya mtu sasa hivi na kiasi alichokwisha kupata. Mtu wa bondeni akipata nafasi ndogo ambapo njia yake ni nzuri kuliko kawaida yake mwenyewe, hapo anapewa. Naona ni akili.

Turudi. Kuna upande wa Marconi ambao sitaki kuuficha. Mwaka 1923 aliingia chama cha Mussolini, na mwaka 1930 Mussolini alimweka kuwa mkubwa wa Akademi ya Kifalme ya Italia. Mwaka 1935 Italia ilipoingia Ethiopia kwa ndege na gesi ya sumu, Marconi aliitetea vita hiyo mbele ya mataifa. Mtu aliyetumia maisha yake kusikiliza sauti dhaifu kutoka mbali hakuwasikia watu wa Ethiopia. Hata vituo vyake vya mbele, Uingereza ilivitaka kwanza ili kuyashika makoloni yake. Kumsifu kwa fizika hakutulazimishi kumsifu kwa mengine.

Nyumbani hakutulia pia. Alioa Beatrice O'Brien mwaka 1905. Ndoa hiyo ilivunjika, na mwaka 1927 alimwoa Maria Cristina Bezzi-Scali. Binti yao alipewa jina la merikebu, Elettra.

Moyo wake ulikuwa mgonjwa miaka ya mwisho. Alikufa Roma tarehe 20 Julai 1937, akiwa na miaka 63. Kesho yake vituo vya redio vilinyamaza dakika mbili. Mwili wake uko Villa Griffone, karibu na kile kilima cha risasi, na mji ule sasa unaitwa Sasso Marconi. Merikebu Elettra ilichukuliwa na Wajerumani katika vita iliyofuata, ikapigwa mabomu mwaka 1944, ikalala majini, ikainuliwa mwaka 1962. Nyuma ya miaka mingine ilikatwa vipande. Kipande kimoja kiko Villa Griffone, na sehemu ya mbele iko Trieste.